MALI BILA DAFTARI: KAZI YA AKINA MAMA IINGIZWE KATIKA HESABU ZA TAIFA

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twapenda kuzungumza na wanachama na marafiki wote juu ya mali moja kubwa sana ya nchi zetu ambayo haimo katika daftari, ama imo kwa vipande vipande tu. Mali hiyo si dhahabu, si almasi, wala si gesi iliyo chini ya bahari. Ni kazi ya akina mama majumbani mwao: chakula kinachopikwa, watoto wanaolelewa, wagonjwa wanaouguzwa, wazee wanaotunzwa, nguo zinazofuliwa, na nyumba inayofagiliwa kabla jua halijachomoza.

Kila mwaka Waziri wa Fedha husimama Bungeni akataja pato la taifa. Tunaambiwa kahawa imeingiza kiasi fulani, madini kiasi fulani, watalii kiasi fulani. Tunapiga makofi. Lakini mama aliyemlisha mchimba madini, akamfulia nguo, akamlelea watoto ili yeye aweze kwenda kuchimba, huyo hatajwi. Na karani wa serikali akija kuuliza nani anafanya kazi katika nyumba hii, mama anayeshinda jikoni na watoto tangu alfajiri hadi usiku huandikwa kuwa hayumo katika nguvu kazi ya taifa. Twauliza: kama hiyo si kazi, ni mchezo?

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni mapya, yameletwa na mabibi wa mjini waliosoma sana wakasahau mila. Sivyo hata kidogo. Shauri hili lilizuka hapa hapa Afrika, kwa jirani zetu wa kusini, zaidi ya miaka 75 iliyopita, wakati bendera ya Mwingereza ingali inapepea. Na aliyelizusha hakuwa waziri wala profesa mwenye mvi. Alikuwa msichana aliyetoka shule juzi tu. Habari zake yafaa zijulikane na kila mwanachama.

Msichana huyo aliitwa Phyllis Deane. Alizaliwa mwaka 1918, akapata shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1940. Mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi moja ya uchunguzi wa uchumi mjini London. Vita vilikuwa vimepamba moto. Wataalamu wawili wa Kiingereza, Richard Stone na James Meade, walikuwa wamebuni majedwali mapya ya kuhesabu pato lote la Uingereza, ili serikali yao ijue ina nguvu kiasi gani ya kupigana na kulisha watu wake. Majedwali yale yalifanya kazi vizuri. Basi wakubwa wakataka kujua: je, yataweza kutumika katika makoloni? Kazi hiyo akapewa Bibi Deane. Akapewa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Jamaica.

Mwanzo alifanya kazi akiwa London, akisoma taarifa za serikali, hesabu za makampuni na vitabu vya forodha. Sehemu ya kampuni za shaba ilijaa haraka, maana kampuni ina makarani na kila senti imeandikwa. Sehemu ya kodi ilijaa. Sehemu ya mishahara ya Wazungu ilijaa. Lakini alipofika kwenye vijiji, mahali walipoishi watu wengi kupita wote, jedwali lilibaki jeupe. Watu walikula, walijenga, walilea, waliishi, na fedha hazikuonekana. Baada ya vita alisafiri mwenyewe hadi Afrika ya Kati akatafuta habari vijijini: watu hula nini, hulima nini, nani hufanya nini, na kwa muda gani.

Huko alikutana na swali ambalo wakubwa wake hawakulifikiria walipokuwa wakichora mistari ya jedwali lao. Mwanamke anakwenda porini na kurudi na mzigo wa kuni kichwani. Anasaga nafaka. Anapika. Je, haya ni pato la taifa au si pato? Bibi Deane aliona kwamba kuyaacha nje hakupatani na akili. Aliona kwamba mpaka uliowekwa kati ya kazi inayohesabiwa na kazi isiyohesabiwa haukutoka katika maumbile ya kazi yenyewe. Ulitoka katika mazoea ya watu wa takwimu wa nchi nyingine, yenye maisha mengine. Akasema hivyo katika maandishi yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1948 na kingine kilichotoka mwaka 1953.

Hebu tulitazame jambo hili kwa macho yetu wenyewe. Mchimba makaa wa Uingereza akileta makaa ya kupashia nyumba moto, kazi yake ni pato la taifa. Mwanamke wa Nyasaland akileta kuni za kupikia, kazi yake si kitu. Wote wawili wameleta moto nyumbani. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa hati ya mshahara na mwingine hakupewa. Sasa tuamue wenyewe kama hati ya mshahara ndiyo inayowasha moto, au kuni.

Lakini mtindo wa wakubwa ndio ulioshinda. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za hesabu za taifa ambazo nchi zote zilitakiwa kuzifuata. Aliyeongoza kamati iliyoziandika alikuwa Richard Stone. Kazi za nyumbani za mke na mama zikawekwa nje ya mstari. Stone alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 kwa kazi ya kujenga hesabu hizo. Bibi Deane hakunyamaza kwa kukosa elimu wala heshima: alikuwa mwanahistoria mkubwa wa uchumi wa Uingereza, na tangu 1980 hadi 1982 alikuwa Rais wa chama cha kifalme cha wataalamu wa uchumi nchini mwake. Alifariki mwaka 2012. Hata hivyo neno lake la ujana, lile lililotoka katika vijiji vya Afrika, liliachwa pembeni kwa miaka mingi.

Twataka msomaji ajiulize: kwa nini jambo lililokuwa wazi namna hii liliwapendeza wachache? Jibu moja ni uvivu wa kawaida wa makarani, maana kuhesabu magunia ya shaba ni rahisi kuliko kuhesabu saa za mama. Lakini liko jibu la pili, na hili twalijua sisi tuliotawaliwa. Utawala wa kikoloni ulikula faida kutokana na kazi hiyo ambayo haikuandikwa.

Kumbukeni namna mambo yalivyokwenda. Serikali ilitoza kodi ya kichwa na kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa fedha. Mwanamume alilazimika kutoka kijijini kwenda kutafuta fedha: Wabemba walikwenda kwenye machimbo ya shaba, Wanyasa walikwenda hata Afrika ya Kusini, na watu wetu wa Tanganyika walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakaitwa manamba. Huko walilipwa mshahara wa kapera. Bwana wa kazi alisema: huyu ana mke nyumbani, mke ana jembe, jembe litamlisha mke na watoto, mimi sina haja ya kuwalisha. Mtu huyo akiugua au akizeeka alirudishwa kijijini akauguzwe na mkewe. Maana yake nini? Maana yake kila ratili ya shaba na kila robota la katani lililopakiwa melini lilikuwa na jasho la mwanamke ndani yake, na jasho hilo halikulipwa hata senti.

Si sisi tu tunaosema. Kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika huko Kenya ilitoa taarifa yake mwaka 1954, nayo ilikiri kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Ikashauri kipandishwe hatua kwa hatua mpaka kitosheleze mtu na familia yake. Naye bibi mmoja mchunguzi wa mila, Audrey Richards, alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba, jinsi kuondoka kwa wanaume kulivyopungukiza nguvu ya kukata miti ya mashamba, na jinsi wanawake walivyobebeshwa mzigo wa kutafuta chakula katika miezi ya njaa. Basi siri ilikuwa hadharani. Kazi ya mwanamke ilijulikana vizuri ilipotakiwa kupunguza mshahara wa mumewe. Ilisahaulika tu ilipofika wakati wa kuhesabu mali.

Ndiyo maana twasema jambo hili si la akina mama peke yao. Ni jambo la uhuru. Tulipochukua nchi tulichukua bendera, tukachukua Bunge, tukachukua mahakama. Lakini daftari la hesabu tulilirithi kama lilivyokuwa, na mstari wake umekaa palepale alipouchora mwingine.

Wako wanaotuambia kwamba mstari huo ni wa kitaalamu, nasi tusio wataalamu tusiuguse. Tuwakumbushe kwamba wataalamu wenyewe waliucheka zamani. Profesa mmoja wa Cambridge, Arthur Pigou, alionyesha mwaka 1920 kichekesho hiki: bwana akimwajiri mwanamke amtunzie nyumba kwa mshahara, pato la taifa hupanda, bwana huyo akimwoa mwanamke yule yule, akaendelea na kazi ile ile, pato la taifa hushuka. Sakafu ni ile ile, chungu ni kile kile, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mshahara umekatwa.

Tena mwaka 1934 mwanauchumi mwingine mwanamke, Margaret Reid wa Marekani, alitoa kipimo ambacho hata mtoto wa shule aweza kukielewa. Alisema: kama kazi ya nyumbani yaweza kufanywa na mtu mwingine kwa malipo, hiyo ni kazi yenye kuzalisha. Kula hakuna awezaye kukulia, kwa hiyo kula si kazi. Lakini kupika waweza kumlipa mpishi. Kulea waweza kumlipa yaya. Kuuguza waweza kumlipa muuguzi. Kuteka maji waweza kumlipa mchota maji. Basi zote hizo ni kazi. Kila mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kununua maji kwa mwenye mkokoteni ajua kwamba maji hayajileti yenyewe.

Sasa tuje kwenye hasara, kwa sababu msomaji aweza kusema: sawa, hesabu ina kosa, lakini kosa la kwenye karatasi linamuumiza nani?

Linaumiza hivi. Kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Mtaalamu akipima faida ya barabara, huhesabu saa ambazo malori yataokoa, akazigeuza kuwa shilingi, na barabara hupata fedha. Akija kupima faida ya kisima, saa ambazo akina mama wataokoa zikihesabiwa kuwa bure, kisima huonekana ni sadaka, na sadaka husubiri. Hivyo lori lina thamani katika mpango wa maendeleo, na kiuno cha mama hakina.

Linaumiza tena kwa njia nyingine, iliyo mbaya zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi nyingi za Afrika zilibanwa na wakopeshaji wapunguze matumizi ya serikali. Hapa Tanzania wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993. Wakati huo huo UKIMWI ulikuwa ukiteketeza watu. Wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani. Nani aliwaogesha? Nani aliwageuza kitandani, akawapikia uji, akafua mashuka, akabaki na mayatima? Ni mama, ni bibi, ni binti aliyeachishwa shule. Katika daftari, serikali ilionekana imebana matumizi. Kwa kweli gharama haikupungua. Ilihamishwa tu kutoka wodini ikawekwa mgongoni mwa mwanamke. Daftari lisiloandika mgongo huo haliwezi kuona kwamba kuna kitu kimehamishwa. Na siku yoyote serikali yoyote ikitaka kupunguza fedha za zahanati, itaweza kufanya hivyo tena na kuita jambo hilo ufanisi.

Na liumizalo kwa njia ya tatu ni hili: linatudanganya juu ya maendeleo yenyewe. Kijiji kikipata mashine ya kusaga, malipo yote ya mashine huingia katika hesabu kana kwamba unga haukuwapo kabla ya hapo. Mama wa mjini akianza kazi ya ofisini na kumlipa msichana wa kazi, hesabu hupanda kwa mishahara miwili, wala haiulizi nani anamlea mtoto wa huyo msichana wa kazi kule kijijini alikotoka. Taifa laweza kuonekana linakimbia kumbe sehemu ya mwendo huo ni kazi ya zamani iliyovishwa nguo mpya.

Tusiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1993 kanuni za Umoja wa Mataifa zilirekebishwa, na kuteka maji na kuokota kuni kwa matumizi ya nyumbani vikatambuliwa waziwazi kuwa uzalishaji wa kuingizwa katika hesabu. Yaani ilichukua miaka 40 tangu kanuni za mwanzo kwa mzigo wa kuni kupita mlangoni. Lakini kupika, kulea na kuuguza bila malipo kukabaki nje. Mwaka 1995 mataifa yalikutana Beijing, na Katibu Mkuu wa mkutano ule mkubwa wa wanawake wa dunia alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Mkutano ule ulizitaka serikali zipime kazi isiyolipwa na kuionyesha katika hesabu za pembeni zinazoambatana na hesabu kuu. Kanuni mpya zaidi za hesabu za taifa zilizopitishwa mwaka 2025 bado zinaziacha kazi hizo nje ya jumla ya pato la taifa, ila zinashauri nchi ziwe na daftari hilo la pembeni.

Na palipopimwa, ukweli umeonekana. Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mwaka 2018 kwamba kazi ya malezi na ya nyumbani isiyolipwa inachukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku bila mshahara. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake: mwanamke mmoja kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Jirani zetu wa Kenya walipima saa za watu wao mwaka 2021 wakaona mwanamke anatumia zaidi ya saa 4 kwa siku katika kazi hizo, na mwanamume kama saa 1 tu. Hapa kwetu, uchunguzi wa nguvu kazi wa mwaka 2006 uliwauliza watu pia jinsi wanavyotumia saa zao. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba jambo hili halipimiki. Linapimika. Bibi Deane alijaribu kulipima zamani, hata kompyuta hazijafika kwetu.

Wala hakuna awezaye kusema kwamba ni fikira ya kigeni katika siasa zetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kwa bidii kupita kiasi, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na likawaambia wanaume wa vijijini ukweli usiopendeza juu ya saa zao wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed aliposhika uongozi wa sehemu ya wanawake ya TANU, aliwakusanya akina mama wa Dar es Salaam kwa maelfu: wapika maandazi, wagema na wauza pombe, wacheza lelemama. Vitabu vya Serikali havikuwaona watu hawa. Chama kiliwaona, na nguvu yao ilikisukuma mbele. Somo lake ni hili: anayetambua kazi ya watu hupata watu.

Twajua maneno yatakayoletwa kutupinga, nasi tutayajibu bila woga.

Watasema: mapenzi ya mama hayauzwi, mwataka kuyapachika bei. Twajibu: hakuna aliyesema mapenzi yapimwe. Zipimwe saa, zipimwe ndoo, upimwe umbali wa kisima. Mwalimu hupenda wanafunzi wake na bado hulipwa. Daktari huwahurumia wagonjwa na bado huandikwa katika bajeti. Kwa nini upendo uwe sababu ya kumnyima mtu mmoja tu nafasi katika daftari?

Watasema: serikali itapata wapi fedha za kuwalipa akina mama wote? Twajibu: hatujadai mshahara wa kila jiko. Tunadai mzigo ujulikane, kisha upunguzwe. Bomba la maji, mashine ya kusaga, nishati safi ya kupikia, zahanati iliyo karibu, shule ya watoto wadogo karibu na soko na karibu na kiwanda: vitu hivi vihesabiwe kuwa rasilimali inayozaa, kama barabara na bandari, wala visiitwe hisani kwa wanawake.

Watasema: kuongeza kazi za nyumbani katika hesabu kutaifanya nchi ionekane tajiri katika karatasi na huku watu ni maskini vile vile. Hili ni neno la haki, nasi twalikubali. Serikali isije ikachukua jasho la mama, ikaliongeza katika pato la taifa, ikajisifu mbele ya wageni kwamba uchumi umekua. Kwa sababu hiyo daftari liwe la pembeni, lenye kueleweka, na lisomwe kwa shabaha moja: kuona mzigo uko kwa nani na unapungua au unaongezeka. Daftari hutengenezwa ili mali isipotee. Halitengenezwi kwa ajili ya kujisifu.

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwanza, twaitaka Serikali iagize uchunguzi wa matumizi ya saa ufanywe kila baada ya miaka michache, kwa mpango maalumu, mjini na vijijini, na matokeo yake yasomwe Bungeni siku ile ile ya kusoma hali ya uchumi. Waziri akitaja tani za pamba, ataje pia saa za akina mama. Na kila inapopendekezwa kupunguza fedha za afya, maji au malezi, Wabunge waulize: kazi hii itamwangukia nani, na kwa saa ngapi?

Pili, twasema na vijana wetu wa vyuo vikuu wanaosomea uchumi, wa kike na wa kiume. Ndugu vijana, mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilipewa mwanamke mmoja peke yake kwa mara ya kwanza, Claudia Goldin wa Marekani, naye aliipata kwa kuchunguza kazi na mishahara ya wanawake wa nchi yake katika miaka 200. Alifukua daftari za zamani akakuta kwamba wake za wakulima na wa wafanya biashara walikuwa wakifanya kazi na waume zao, lakini karani aliandika "mke" tu, bila kazi. Hayo yalikuwa Marekani. Ya Afrika yanawangoja nyinyi. Bibi Deane alipoipewa kazi ile alikuwa na umri wa miaka 23. Alipewa majedwali yaliyotengenezwa na wakubwa wake, akaenda nayo vijijini, na alipoona majedwali na maisha havipatani, hakuwalaumu watu kwa kutoingia katika jedwali. Alilishitaki jedwali. Huo ndio usomi tunaoutaka. Msiridhike na kunakili fomula kutoka vitabu vya ng'ambo. Chukueni kalamu mkakae kijijini, mkaulize mama ameamka saa ngapi, na amelala saa ngapi, na katikati amefanya nini. Nazo taasisi za utafiti ziwape nauli na posho ya kufanya kazi hiyo, wasije wakaacha swali kubwa kwa kukosa fedha ya basi.

Tatu, twasema na wanaume wenzetu katika matawi. Mkutano wa tawi ukiitishwa saa kumi na mbili jioni, wakati wa kuwasha moto na kuwaogesha watoto, tusishangae kuona viti vya akina mama vitupu, wala tusiandike katika muhtasari kwamba wanawake hawapendi siasa. Mwanamume anayesimama jukwaani akalaani unyonyaji wa kabaila, kisha akarudi nyumbani akanyoosha miguu akingoja maji ya kuoga yaliyotekwa na mkewe aliyelima naye tangu asubuhi, yafaa ajipime. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mkono huo ni wa nani, na kwa hiyo mikono yote miwili inahusika.

Nne, twasema na akina mama wenyewe. Msikubali tena kumwambia karani kwamba hamfanyi kazi. Mtu akija na fomu akauliza, mwambieni yote: nimeteka, nimepika, nimefua, nimelea, nimeuguza, nimelima. Kama fomu yake haina nafasi ya kuyaandika, mwambieni ayaandike pembeni. Pembeni pakijaa, wakubwa watalazimika kuchora jedwali jipya.

Kila mwaka tarehe 8 Machi hotuba husomwa, kanga hugawanywa, na akina mama husifiwa kuwa ni nguzo ya taifa. Sifa hizo ni nzuri, lakini nguzo haisifiwi tu. Hupimwa uzito inaoubeba, na ikizidiwa huongezewa nyingine. Tumekwisha kuona kwamba wakoloni walijenga utajiri wao juu ya kazi hii wakakataa kuiandika. Serikali huru iliyotokana na watu haina sababu ya kuendelea na daftari la namna hiyo. Ifungue ukurasa mpya, iandike.